Pete Iliyobaki Kiwandani

Jumatano, 8 Mei

Naenda. Nimeshasema naenda, na begi liko mlangoni.

Bosi kapiga simu asubuhi, kapiga mchana, na jioni hii kapiga tena. Jina hilo mwanangu wa kwanza alipewa na mdogo wake tangu anavaa kaptula za shule, kwa kupenda kuamrisha, na mpaka leo hana jingine. Anauliza safari ya nini sasa. Mjane wa mwaka mmoja, peke yako, mji mkubwa ule! Nikamwambia mji ule naujua kabla sijakujua wewe. Halafu akanikumbusha kikao cha familia, Jumapili alasiri, nisichelewe.

Kikao chenyewe nakijua. Nihamie kwake, chumba cha uani, nilee wajukuu. Nyumba yangu ipangishwe. Cherehani yangu iuzwe, eti macho yangu yapumzike. Macho yangu yamelalamika kwa nani? Nashona sare za shule tangu Bosi yuko mgongoni, na jana tu nimetunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja bila miwani. (Majaribio mawili. Lakini bila miwani.)

Walipolileta jambo hili mara ya kwanza matanga ndiyo kwanza yameanuliwa na mimi sauti sina. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu wakakuchukua kuwa ni ndiyo! Sasa kuna mpangaji, mwalimu, ameshaonyeshwa nyumba kwa nje. Kwa nje tu. Ufunguo ninao mimi, nimeutia uzi na kuuvaa shingoni, na ninaondoka nao.

Wifi naye — dada wa mume wangu, mtu wa dini kuliko dini yenyewe — kapiga kuniusia. Mjane anatulia. Mjane haonekani onekani. Na pete usithubutu kuivua wifi, pete ya kaka yangu itatoka siku unafukiwa. Nikasema haya wifi. Sikumwambia Ijumaa ninakwenda wapi. Angeanguka.


Alhamisi, 9 Mei

Nimefika! Kiuno kimekufa ganzi lakini nimefika.

Mji huu bwana. Unanuka moshi na mitaro na mikate ya moto, vyote kwa pamoja, na mimi sijaona mji wa kuushinda. Tulihamia hapa tukiwa wachanga wa ndoa, chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha bia, dirisha likitazamana na ukuta. Dereva wangu — sikuwahi kumwita vingine, na sianzi leo kumwita marehemu — alikuwa akipakia kreti za bia pale kiwandani na kuzisambaza mjini. Nguo nilizoanika zilikuwa zinanuka kimea kabla hazijakauka. Baadaye akahamishiwa bohari ya kwetu, tukaondoka, nikalia njia nzima. Tangu hapo tukawa tunarudi kila mwaka siku chache, sisi wawili, kazi yetu kutembea tu na kubishana njia ipi ya mkato.

Sasa jambo la kushangaza. Mtu huyu kaibeba bia ya kiwanda kile mpaka akaota mvi, na ndani hakuwahi kuingia. Madereva walikuwa wanaishia uwanja wa kupakia. Mlango ule si wenu, waliambiwa, rudini kwenye malori. Kunywa alikuwa hanywi, soda tu. Lakini hamu ya kuona inavyotengenezwa ilikuwa imemkaa rohoni. Siku zote anasema nikistaafu, mke wangu, tutakuja kama wageni, maana wageni huingizwa Ijumaa na Jumatatu. Tutaingia kwa mlango wa mbele, tumevaa tukapendeza. Akastaafu. Goti likamsumbua, tukasema mwakani. Mwakani hakufika.

Basi kesho naingia mimi. Naingia kwa ajili ya wawili, na mlango ni ule ule wa mbele.

Mwenye nyumba ya wageni kanipokea kwa kelele. Huyu mama tangu miaka ile ananiita Bi Harusi, hana habari na mvi zangu. Akachungulia nyuma yangu akauliza Bwana Harusi yuko wapi, bado anashusha mizigo? Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akashika mashavu. Televisheni ya mapokezi ikaendelea kupiga domo. Kisha akanipa chumba kile kile na akataka kunibadilishia kitanda, aniwekee kidogo. Nikakataa. Kitanda kikubwa ndicho changu, nitalala katikati.


Ijumaa, 10 Mei

Wapi pa kuanzia!

Nilivaa gauni la kutokea na viatu vya kisigino kifupi. Visigino nikaviacha mapokezi dakika ile ile, nikapewa mabuti. Kundi letu dogo: mimi, wanafunzi wachache wa chuo, na mtu na mkewe walio kwenye fungate, wameshikana kama wameshonwa pamoja. Anayetuongoza ni binti mwenye kofia ngumu ya njano na sauti ya kuamsha mtaa. Tukapewa makoti meupe na kofia. Halafu akatangaza sheria. Chochote kinachoweza kudondoka ndani ya bia kinavuliwa. Saa, hereni, kalamu, simu, pete. Pete zote, hata za ndoa. Kuna kabati la kioo lenye ndoano, kila mtu na ndoano yake, unapewa kibati chenye namba, ukitoka unarudisha kibati unapewa vitu vyako. Mabegi yanakaa kaunta. Uzi wangu wenye ufunguo nikautia kwenye begi, simu pia. Ikabaki pete.

Wale wa fungate walivua zao wakicheka. Pete zao bado changa, zinateleza. Yangu ng'o! Kifundo kimenenepa miaka na miaka, pete imejichimbia. Nikavuta mpaka macho yakatoka maji. Binti akaja taratibu, akaniambia kwa adabu hakuna shida mama, pumzika hapa mapokezi, tutakuwekea video ya kiwanda.

Video! Nimesafiri kutwa nzima nije kutazama televisheni?

Dereva wangu aliambiwa rudi kwenye lori, akarudi. Mimi sirudi. Nikamwambia binti, "Niletee sabuni."

Akaleta. Nikasugua, nikazungusha, nikauma meno, wanafunzi wanatazama juu kwa heshima. Ikatoka. Nyuma yake kumebaki mkanda mweupe wa ngozi, laini kama wa mtoto mchanga. Nilijisikia kama nimesimama uchi mbele za watu. Na nilijisikia mwepesi. Yote mawili, na sioni haya kuyaandika. Maneno ya wifi yakanipitia kichwani, nikayaacha yapite.

Kibati changu namba kumi na saba, na kibanio chake kilikuwa kimelegea. Binti akasema kishike tu mkononi. Mkononi? Kikidondoka kwenye bia je? Sindano na uzi havikosi kwenye begi langu, nikakitia mishono miwili mitatu ndani ya ukosi wa koti, sindano nikairudisha kwenye begi, kwisha kazi. Binti akafurahi akasema mama, tukuajiri.

Tukaingia.

Ile harufu! Moyo ulinipiga paa. Ni harufu ya shuka zetu za chumba kimoja. Binti akatupa punje za kimea tutafune, tamu, zinataka kuwa biskuti. Akatuonyesha mapipa ya chuma marefu kuliko nyumba yangu, joto linakufuata mpaka kwenye soksi. Akaeleza hamira: kwamba ni viumbe hai, vinakula sukari halafu vinapumua, ndiyo povu. Yule bwana wa fungate akasema kupumua ni adabu tu dada, sema vinajamba. Mkewe akamfinya. Nilicheka mpaka kofia ikaniteremka machoni. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo.

Kwenye kujaza chupa huwezi kusikia hata mawazo yako. Chupa zinakwenda kwenye mkanda zikisukumana kama watoto wa shule mstarini, hakuna anayetaka kubaki nyuma. Na mwisho wa chumba kile kuna dirisha. Nikachungulia. Chini ni uwanja wa kupakia. Malori yamejipanga kinyumenyume, madereva wamekaa kwenye ngazi za milango yao, mmoja anakula chungwa, mmoja anapuliza vumbi kwenye kofia yake. Wanatazama juu huku huku. Kumbe hapa ndipo alipokuwa akipatazama! Miaka yote ile kasimama pale chini, anatazama dirisha hili.

Nililia. Sikujificha, na kelele za chupa zilinisaidia. Nikampungia mkono yule wa chungwa. Akashangaa, akapunga.

Mwisho wa yote ukumbi wa kuonja. Glasi ndogo kwa anayetaka, soda kwa asiyetaka. Binti akanisogezea soda bila kuuliza. Nikaisogeza pembeni nikachukua glasi. Sijawahi kuonja bia maisha yangu yote. Chungu! Nikakunja uso, wakacheka. Funda la pili likawa afadhali. La tatu sikutaka mtu aniguse. Nikamaliza, nikaongezwa nyingine, nikamaliza na hiyo. Tukapigwa picha. Mimi mbele, kofia upande, glasi juu. Binti akanitumia kwenye simu, na mimi, hapo hapo mlangoni, nikaituma kwenye kundi la familia. Liwalo na liwe.

*

Baadaye. Kuna balaa.

Tunakula, mwenye nyumba ya wageni ananitazama mkono. Bi Harusi, pete iko wapi? Nikaangalia. Loo! Wenzangu walirudisha vibati wakapewa simu na saa zao. Mimi simu ilikuwa kwenye begi, kichwa kinaelea, nikavua koti nikalitupa kwenye kapu la nguo chafu, nikachukua begi na visigino vyangu nikaondoka naimba. Na kibati je? Kimo ndani ya ukosi. Nimekishona mwenyewe!

Nikapanda pikipiki na gauni langu hivyo hivyo. Mlinzi wa mapokezi ananisikiliza kwa upole wote. Makoti yameshachukuliwa na gari la dobi, yatarudi Jumatatu asubuhi. Ufunguo wa kabati anao binti, naye yuko mapumziko mpaka Jumatatu. Na hata angekuwepo, bila kibati hakitolewi kitu, maana kuna mtu aliwahi kuondoka na saa ya mwenzake. Nikamwambia pete yangu naijua, ya dhahabu, ya duara. Akasema, "Mama, pete zote ni za duara."

Lakini aliniruhusu nisogee nitazame. Ipo. Inaning'inia nyuma ya kioo kwenye ndoano ya kumi na saba, peke yake, kama inamsubiri mtu.


Jumamosi, 11 Mei

Kundi la familia linawaka moto.

Wifi kaikuza ile picha. Hakuona kofia wala chozi wala furaha yangu, kaona kidole. Katuma ujumbe wa sauti mrefu, nikaucheza wakati wa chai bila kupunguza, na mwenye nyumba ya wageni anasikiliza kama redio. Nimemvunjia heshima kaka yake. Nimevua pete nipate kunywa pombe. Na kaka yake hata mwaka haujapita vizuri. (Umepita.) Akamaliza kwa kusema mwanamke wa namna hiyo hawezi kukaa kwenye kikao cha ukoo na kidole kitupu, yeye haruhusu fedheha hiyo.

Bosi kapiga. Sauti ile ya chini, ya kuniogopesha. Mama, panda basi leo leo, pete tutaagiza mtu aifuate. Nikamjibu shangazi yako amekata kauli, bila pete sikanyagi kikao. Na pete inatoka Jumatatu. Sasa mwanangu nifanyeje, nimvunjie shangazi yako heshima mara ya pili?

Baada ya hapo wakawa wanarushiana maneno wao kwa wao, Bosi anataka niende bila pete kwa sababu mwalimu anasubiri jibu, wifi anataka pete kwanza. Nikajinywea chai yangu. Kwa mara ya kwanza nimemshukuru wifi.

Kitinda mimba wangu, Kitinda tunamwita, yeye kwenye kundi hakuandika kitu. Pembeni kaniletea maneno machache: Mama uko salama? Umependeza na ile kofia. Binti yangu huyu anamwogopa kaka yake, lakini macho anayo.

Mchana nikaenda kuona chumba chetu. Ni duka la kutengeneza simu sasa. Dirisha liko pale pale, ukuta uko pale pale. Fundi akauliza kioo au chaji? Nikamwambia natazama tu, niliishi hapa. Akaniangalia, akaangalia kile chumba chake chembamba, akasogeza kiti nikae. Nilikaa kidogo. Nilitaka kuumia, sikuumia. Nilikumbuka tulivyokuwa tunapishana kwa zamu kati ya kitanda na jiko, nikatabasamu peke yangu.

Kisha nikapita mtaa wa vitambaa. Mwaka mzima nimevaa kahawia na kijivu. Muuzaji naye, kunitazama tu, akanishushia jora la kahawia. Nikamwambia rudisha. Lile la machungwa kule juu, lenye majani makubwa, shusha lile. Akasema lile ni la vijana mama. Nikamwambia vijana watasubiri, kata.

Nimekata gauni kwenye meza ya chakula ya hapa, na mwenye nyumba ya wageni kashika upande mmoja. Nashona kwa mkono. Vidole vinauma vizuri.


Jumapili, 12 Mei

Kikao kimekaa bila mimi. Nusu bila mimi, maana waliniweka kwenye simu katikati ya meza, sauti juu.

Bosi akaeleza. Anapanga maneno vizuri, sikatai. Mwalimu na familia yake wataingia mwisho wa mwezi. Cherehani imepata mtu. Chumba cha uani kimepakwa rangi. Rangi gani, nikauliza. Kahawia ya maziwa, mkewe akasema taratibu. Nikasikia wajukuu wanakimbizana nyuma, na hapo nilikaribia kulegea, sikatai pia. Wale watoto ni roho yangu.

Lakini nilijiona. Nimekaa uani, kwenye kahawia ya maziwa, nasubiri kuitwa mezani. Nikiomba ruhusa ya kutoka. Nikiulizwa unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi. Bibi kakae, bibi pumzika. Mpaka nife nimepumzika.

Nikasema sitoki kwangu. Mpangaji aambiwe hapana. Cherehani haiuzwi, na aliyeleta bei akatafute ya mama yake. Kukawa na zogo. Wifi akaanza pete, nikamwambia wifi, pete inaning'inia salama kuliko mimi. Bosi akasema Mama, huelewi, tunafanya haya kwa sababu tunakupenda. Na sauti yake ilipasuka kidogo, mwanangu hasemi uongo hapo. Ndipo nikasema polepole, wote wakasikia:

"Nipendeni nikiwa kwangu."

Mtu akavuta kiti. Bosi akauliza ufunguo uko wapi, nikasema shingoni mwangu. Akasema basi ataita fundi wa makufuli. Thubutu, nikamwambia. Ita fundi, badilisha kufuli, na siku nikirudi nikakuta kufuli nisilolijua nitakaa barazani na cherehani mpaka mtaa mzima uje kuuliza. Unanijua.

Ananijua. Akakata simu.

Jioni Kitinda kaandika. Kaka amepanda basi la usiku, anakuja kukuchukua mwenyewe. Shangazi amemwambia akurudishe hata kwa kukubeba. Mama, nifanye nini? Nikamjibu asifanye kitu, alale. Halafu nikaongeza: nenda ukae kwangu barazani kesho, ukimwona fundi nipigie. Akajibu haraka: nitakwenda na chai kwenye chupa.

Mwanangu! Nilifikiri niko peke yangu.

Nimemaliza pindo. Naogopa. Bosi akija mbele yangu, na sura ile, naweza kusema ndiyo kwa kumwonea huruma tu. Ndilo ninaloliogopa. Siogopi kufuli.


Jumatatu, 13 Mei

Naandikia kwenye benchi la mapokezi ya kiwanda. Nimevaa machungwa. Mlinzi hakunitambua mpaka nilipoongea.

Gari la dobi lilifika mapema. Makoti yamekunjwa, yamepigwa pasi, yote meupe, yote sawasawa. Binti wa kofia ya njano akakata tamaa. Nikamwambia niletee moja moja. Nikawa napapasa kosi, napapasa, mpaka vidole vikakutana na mishono yangu. Kibati kimo, kimepigwa pasi pamoja na koti, hakikusogea! Binti akafungua kabati, akanipa pete kwa mikono miwili.

Nikajaribu. Ikafika kwenye kifundo ikagoma. Binti akauliza nilete sabuni? Nikafikiri. Nikasema hapana, iache. Nikaitia kwenye uzi shingoni pamoja na ufunguo. Iko karibu na moyo kuliko ilivyokuwa. Wifi akitaka kuiona atanisogelea.

Kitinda kapiga. Yuko barazani, fundi hajaonekana, chai anayo. Nilipokata nikamwuliza binti kama leo wageni wanaingia. Wanaingia. Nikaomba vibati viwili.

Bosi akafika. Mwenye nyumba ya wageni kamwelekeza huku. Namwona anavuka barabara, shati limekunjamana la usiku kucha, simu sikioni, saa kubwa mkononi, anaamrisha mtu huko alikopiga. Akaingia, akaniona, akasimama. Aliangalia lile gauni kwanza. Mdomo ukamfunguka kidogo, na ni mdomo wa baba yake, chapa. Huruma ilinishika, kama nilivyojua itanishika. Nusura nisimame niseme haya, twende.

Akaanza yeye. Basi la mchana, tiketi ameshakata, Mama kachukue begi. Nikamwambia kwanza tuingie. Tuingie wapi? Humu. Akasema hakuja kutalii. Nikamwambia alimokatazwa baba yako.

Akanitazama. Hakuwa anajua! Mtoto huyu shuleni alikuwa anawaringia wenzake kwamba baba yake ndiye anayetengeneza bia, na Dereva wangu hakumsahihisha kamwe. Akauliza taratibu, "Hakuwahi kuingia?"

"Hata siku moja. Alikuwa anaishia pale nje, anatazama dirisha."

Bosi akakaa kwenye benchi. Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwake, sauti ya wifi inaita humo ndani halo, halo. Akaizima. Tiketi ya basi iko kwenye mfuko wa shati, nauona ukingo wake. Sijashinda. Bado hajasema lolote juu ya nyumba, na mimi nikimwangalia sana nitayeyuka, ndiyo maana naandika.

Binti amekuja na makoti. Anatangaza sheria zake. Begi leo sikuleta, kwa hiyo uzi wangu umekwenda kwenye ndoano, ufunguo na pete pamoja, mbele ya macho ya Bosi. Aliutazama ule ufunguo. Angenyoosha mkono tu. Hakunyoosha. Ametoa simu, akaitundika. Ametoa saa, akaitundika. Kalamu ya mfukoni pia, na tiketi imetoka nayo, binti kaitia humo humo.

Sasa yuko kwenye pete yake ya ndoa. Anavuta, haitoki. Anavuta, jasho linamtoka, ananitazama kama alivyokuwa ananitazama akishindwa kufunga kamba za viatu. Mama, haitoki hii, anasema, mimi nitakusubiri hapa.

Binti ananyoosha mkono, anataka na daftari hili na kalamu.

Nimemwambia Bosi sabuni ipo.